Mchoraji peke yake hatoshi kufundisha mawasiliano ya picha

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana kuwa ni la wasomi peke yao, lakini kwa hakika lamgusa kila mwananchi anayepewa dawa hospitalini, anayenunua sumu ya wadudu dukani, au anayesimama mbele ya karatasi ya kura. Jambo lenyewe ni hili: ni akina nani wanaofaa kuwafundisha vijana wetu wanaosomea shahada ya uzamili katika usanifu wa mawasiliano ya picha?

Kwa wasomaji ambao hawajalisikia somo hilo, nieleze kwa ufupi kwamba ni elimu ya kupanga picha, alama, herufi, rangi na takwimu ili mtu anayezitazama aelewe ujumbe bila kuhitaji mtu wa kumfafanulia. Bango la kliniki ni kazi hiyo. Kibao cha barabarani ni kazi hiyo. Fomu ya kodi, ramani ya mabasi, kitabu cha darasa la kwanza na maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa ya sumu, vyote ni kazi hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa somo lahusu picha, basi mwalimu wake ni mchoraji hodari, na kwamba chuo kikipata wachoraji watatu na chumba cha kompyuta kimekamilika. Mimi sikubaliani na mawazo hayo. Mchoraji ni lazima awepo, tena awe hodari, lakini ni mmoja tu kati ya wanaohitajika. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anajifunza kuutawala mkono wake na jicho lake. Anayerudi kwa uzamili hapewi tena zoezi la kuchora chungu. Anapewa tatizo la watu. Anaambiwa: akina mama wa mahali fulani wanawapa watoto dawa kupita kiasi, tufanyeje? Tatizo hilo lina udaktari ndani yake, lina lugha, lina mila, lina hesabu, na mwisho ndipo lina mchoro. Kama walimu wake wote ni wachoraji, jibu lake litakuwa ni mchoro tangu mwanzo, hata pale ambapo mchoro si dawa.

Tuanze na historia yetu wenyewe. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, kila jimbo lilipokuwa na wagombea wawili, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Sababu ilikuwa njema: wananchi wengi walikuwa hawajui kusoma, na picha hizi mbili zilichaguliwa kwa kuwa kila mtu anazifahamu na hakuna iliyoonekana kuwa bora kuliko nyenzake. Lakini mara kampeni zilipoanza, alama zenyewe zikaanza kusema. Mwenye jembe akajinadi kwamba jembe ndilo linalolisha nchi. Mwenye nyumba naye akatafuta la kujibu. Wagombea wengi wakawa wanaamini kuwa jembe lina bahati zaidi. Mchoro wa jembe haukuwa na kasoro yoyote. Kilichotokea ni kwamba picha ikifika mikononi mwa watu inavaa maana ambayo aliyeichora hakuitia. Mtu wa kulitambua jambo hilo mapema si fundi wa kuchora, bali ni mtu anayejua siasa, lugha na maisha ya watu.

Nitoe mfano mwingine niliouona mwenyewe nikiwa Bwana Shamba. Ofisi moja ilituletea mabango ya kuwafundisha wakulima wasiweke sumu ya wadudu ndani ya nyumba wanamolala. Mchoro ulikuwa safi na rangi zilikuwa nzuri. Palichorwa nyumba ya bati iliyokatwa ubavuni ili ndani ionekane, chupa ya sumu ikiwa chini ya kitanda, na juu ya nyumba nzima palipigwa alama kubwa nyekundu ya X. Kijiji nilichopelekwa kilikuwa kando ya barabara kuu, na nyumba kadhaa pale zilikuwa tayari zimepigwa X nyekundu na watu wa barabara ili zibomolewe. Nilipolibandika bango, mzee mmoja aliniuliza, "Bwana Shamba, na hizi za ndani nazo mnabomoa lini?" Hakuna aliyecheka. Mkutano wa sumu uligeuka kuwa mkutano wa fidia, na chupa zilibaki chini ya vitanda.

Mchoraji wa bango lile hakuwa mjinga. Katika daftari la shule X ni kosa, naye alisoma shuleni. Lakini katika ukuta wa nyumba X ni habari ya kuhama. Laiti waliolitengeneza wangekuwa na mtu mmoja aliyezoea kuulizana na wanavijiji, na laiti wangelionyesha kwa watu kumi kabla ya kulipiga chapa, aibu ile isingetokea na fedha ya umma isingepotea. Kazi ya kuuliza namna hiyo ina elimu yake na ina walimu wake. Haiokotwi njiani.

Tazama pia bahasha ya dawa. Mara nyingi huandikwa 1x3. Mwenye kuandika ana maana ya kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Lakini kwa mwenye hesabu zake, moja mara tatu jibu lake ni tatu, na anaweza kuvimeza vyote kwa mpigo mmoja. Tukiandika kwa maneno "kutwa mara tatu", mwanaisimu atatuuliza: kutwa ni mchana peke yake, au na usiku umo? Na mfamasia atasema kwamba dawa nyingine zinatakiwa zipishane kwa saa nane, kwa hiyo usiku lazima umo. Halafu tukisema tuchore jua na mwezi, mwalimu wa watu wazima atatukumbusha kwamba mtu aliyeanza kusoma kwa msahafu huenda akaanzia picha ya kulia. Basi hapo bahasha moja ya dawa imekwisha kuwakusanya mfamasia, mwanaisimu na mwalimu wa watu wazima, na mchoraji bado hajashika kalamu.

Haya si maneno yangu ya kubahatisha. Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, wafamasia walizichukua alama za dawa zilizotengenezwa Marekani wakazilinganisha na alama zilizotengenezwa huko huko kwao. Waliwaonyesha wasemaji wa Kixhosa waliosoma madarasa machache. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: alama za nyumbani zilieleweka vizuri zaidi kuliko zile za kigeni. Angalia ni nani waliofanya kazi hiyo. Ni wafamasia, wakishirikiana na mchoraji na wananchi wenyewe.

Wazo hili la kuchanganya taaluma lina umri mkubwa. Mjini Vienna, mwaka 1925, mwanauchumi na mwanafalsafa Otto Neurath alianzisha jumba la makumbusho la jamii na uchumi ili wafanyakazi waelewe takwimu za nchi yao kwa picha. Hakumwachia mchoraji kazi yote. Walikuwapo watu wa kukusanya takwimu. Alikuwapo msanii, Gerd Arntz, aliyechora maelfu ya alama. Na katikati yao alikuwapo mtu wa tatu, kazi yake kuigeuza elimu ya wataalamu iwe mpango wa picha kabla msanii hajaanza. Aliyeimudu sana kazi hiyo ya kati ni Marie Reidemeister, ambaye baadaye aliolewa na Neurath. Yeye alikuwa amesomea hesabu na fizikia, na usanaa pia aliugusa. Utaratibu huo ndio uliokuja kuitwa Isotype.

Mwaka 1954 mama huyo alifika Ibadan, kwa kazi ya serikali ya Jimbo la Magharibi la Nigeria iliyokuwa ikiongozwa na Chifu Obafemi Awolowo. Ilitakiwa vitengenezwe vijitabu vya kuwaeleza wananchi mipango ya elimu, afya na kilimo. Hakuzibandika alama za Vienna akaondoka. Picha za watu, nyumba na mimea ilibidi zitengenezwe upya zifanane na za pale, na ushauri wa wenyeji ulitafutwa. Iwapo mtu mwenye uzoefu wa karibu miaka 30 aliona hana budi kuuliza kwanza, sisi ni nani tuone kwamba kijana wetu mwenye kompyuta hana haja ya kuuliza?

Mfano mwingine ni wa shule ya usanifu ya Ulm, Ujerumani. Huu una mafunzo mawili, zuri na baya, na yote yatufaa. Shule hiyo ilianza masomo mwaka 1953. Waasisi wake ni Inge Scholl, Otl Aicher na Max Bill. Inge Scholl alikuwa dada wa Hans na Sophie Scholl, vijana waliouawa na utawala wa Hitler mwaka 1943 kwa kusambaza karatasi za kuupinga. Kwa hiyo shule haikuanzishwa kwa ajili ya mapambo. Ilianzishwa na watu walioona jinsi picha na mabango yalivyotumika kuwapotosha wananchi, wakataka yatumike kuwaelimisha. Ilikuwa na idara ya mawasiliano ya picha, na pamoja na wasanifu walifundisha pia watu kama mwanafalsafa Max Bense na mwanahesabu Horst Rittel. Matunda yake yalionekana. Alama za michezo ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, zile za watu wanaokimbia na kuogelea zilizochorwa kwa mistari michache, zilisimamiwa na Otl Aicher yule yule.

Hilo ndilo zuri. Baya ni kwamba walimu wa Ulm waligombana. Wanasayansi walitaka kila kitu kipimwe. Wasanifu wakaona kazi ya mkono na jicho inadharauliwa. Kufikia mwaka 1962 ugomvi wa nani awe na usemi ulikuwa mkubwa hata katiba ya shule ikabadilishwa. Mwaka 1968 shule ilifungwa, baada ya kunyimwa fedha za serikali huku ikiwa imedhoofishwa na mivutano yake yenyewe. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Wapo watakaoitumia methali hiyo kunipinga. Lakini dawa ya manahodha wengi si kuwatosa mabaharia baharini. Dawa yake ni kupanga mapema nani ashike usukani na nani atweke tanga. Ulm haikuangushwa na kuwa na mwanahesabu. Iliumizwa na kutokuamua mapema hesabu inakoma wapi na jicho linaanzia wapi.

India, nchi yenye lugha nyingi na vijiji vingi kama sisi, nayo ina la kutufundisha. Mwaka 1958 wasanifu wa Kimarekani Charles na Ray Eames waliiandikia serikali ya India ripoti iliyosaidia kuzaliwa kwa taasisi ya taifa ya usanifu mjini Ahmedabad mwaka 1961. Ripoti hiyo ilitaka watu walio tayari kujifunza upya taaluma kama sosholojia, uhandisi, falsafa, uchumi, saikolojia na historia, ili matatizo yaliyozoeleka yatazamwe kwa macho mapya. Mjini Bombay, kituo cha usanifu kilichoanzishwa mwaka 1969 ndani ya chuo cha teknolojia, yaani kati ya wahandisi, kilianza shahada ya uzamili ya mawasiliano ya picha mwaka 1984. Mmoja wa walimu wake alikuwa R. K. Joshi, bingwa wa kuandika herufi kwa mkono, aliyetokea katika kazi ya matangazo ya biashara. Bingwa huyo wa kalamu na wino alikaa na watu wa kompyuta hadi ikapatikana seti ya herufi za Kidevanagari iitwayo Mangal, ambayo iliingizwa katika kompyuta duniani kote. Mhandisi peke yake asingeijua herufi, na mwandishi peke yake asingeijua mashine.

Na Marekani, chuo cha Carnegie Mellon kilipata kuwa na shahada ya uzamili ya kupanga mawasiliano iliyoendeshwa kwa pamoja na Idara ya Kiingereza na Shule ya Usanifu. Walitambua kwamba maneno na picha ni ndugu wa tumbo moja. Sisi wenye Kiswahili, lugha inayoeleweka toka pwani hadi maziwa, tungekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuwaweka mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa uchoraji katika chumba kimoja.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni hapa kwetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaunganisha watu wa elimu ya watu wazima, waganga, watangazaji wa redio na watayarishaji wa vitabu, na watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1968, mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa ulikuwa na vitabu vya kusomea vilivyohusu pamba, migomba na uvuvi, kazi isiyowezekana bila mtaalamu wa kilimo kukaa na mwalimu. Tulikuwa tukifanya kwa vitendo yale ninayotaka vyuo vifundishe.

Sasa Ndugu Mhariri, nisije nikaambiwa nimelalamika tu, nashauri mambo manne.

Kwanza, chuo chochote kinachotaka kutoa shahada hii kiajiri walimu wa kudumu wa taaluma mbalimbali: msanifu wa picha, mwanaisimu wa Kiswahili, mtaalamu wa elimu ya jamii au saikolojia, mtu wa takwimu na mtu wa kompyuta. Desturi ya kumwalika daktari aje kuhutubia saa moja halafu aondoke haitoshi. Mgeni hawezi kumkatalia mwanafunzi. Mwalimu anaweza.

Pili, wawe na usemi sawa katika kusahihisha. Kazi ya mwisho ya mwanafunzi isipite kwa kuwa inapendeza tu. Ipite kwa kuwa imepelekwa kwa watu waliokusudiwa, wameulizwa, na majibu yao yameandikwa. Kazi iliyo nzuri machoni lakini haikueleweka irudishwe. Vilevile kazi iliyopimwa sana lakini mbaya hata hakuna atakayeigeukia irudishwe. Hapo ndipo tutakapoikwepa mivutano ya Ulm, maana kila mmoja atajua sehemu yake.

Tatu, mafundi wasifungiwe mlango. Kwa kawaida kanuni za vyuo vikuu hudai kwamba anayefundisha uzamili awe na shahada ya juu zaidi. Kwa somo la nadharia ni sawa. Lakini mpiga chapa mwenye miaka 30 kiwandani anajua ni rangi gani itafifia juani na ni karatasi gani itaoza na unyevu. Fundi wa kuandika vibao mtaani anajua herufi ya ukubwa gani inasomeka toka ndani ya basi linalokwenda. Watafutiwe cheo chao halali na mshahara wao, wafundishe vitendo. Elimu yao nayo ni elimu.

Nne, walimu wenyewe wafundishe pamoja darasani, si kwa kupokezana. Mwanafunzi akimwona mwanaisimu akibishana na msanifu juu ya bahasha ile ile ya dawa, kisha wakafikia uamuzi, atakuwa amejifunza jinsi kazi inavyofanyika. Lakini akifundishwa Jumatatu na huyu na Jumanne na yule, kazi ya kuwapatanisha itaachwa kichwani mwake, naye ndiye mwenye elimu ndogo kuliko wote.

Najua wapo watakaosema fedha hakuna. Nawajibu kwamba katika chuo kikuu watu hawa mara nyingi wamekwisha kuajiriwa. Mwanaisimu yuko idara ya Kiswahili, mtu wa takwimu yuko jengo la pili, mfamasia yuko upande wa tiba. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuhesabu saa wanazofundisha nje ya idara zao na kuzitambua wakati wa kupandishwa cheo. Mhadhiri hawezi kutumia nusu ya wiki yake katika kazi ambayo wakubwa wake wanaiona kuwa ni matembezi. Jambo hilo halihitaji jengo jipya wala msaada toka nje. Lahitaji uamuzi wa baraza la chuo.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi atajua hiki kidogo na kile kidogo, mwisho asijue lolote. Hatari hiyo ipo, na ndiyo maana nasema masomo haya yawe ya uzamili, kwa mtu ambaye tayari ana ufundi wake mkononi. Hatumtaki awe nusu daktari na nusu mwanahesabu. Twataka ajue kumuuliza daktari swali lililo sawa na kulielewa jibu lake. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kila kidole hubaki kidole.

Kwa hiyo nawaomba wahusika wanaopanga masomo ya namna hii, kabla hawajaagiza kompyuta nyingine, waandike kwanza orodha ya walimu. Kama majina yote yanatoka idara moja, waichane waanze upya. Atakayelipa gharama ya kosa hilo ni yule mama aliyeshika bahasha ya dawa usiku, mtoto akilia, na hakuna wa kumuuliza.



Bwana Shamba Mstaafu,
Morogoro.